Jamani, Ngazi Si Kiporo

Najua kurasa hizi zimezoea siasa na mpira. Leo naomba mniazime dakika chache tuongelee kitu ambacho kila mwenye ndoto ya kaghorofa kule nyumbani atakutana nacho, atake asitake: ngazi.

Nimeona picha nyingi sana za nyumba zenu kwenye simu. Msingi huu hapa, nguzo hizi hapa, zege la juu limemwagwa, tiles zimeshanunuliwa. Nikiuliza, "Na ngazi je?" jibu huwa lile lile: "Aa, fundi anajua." Mimi nasomea ujenzi hapa Uingereza, na nasema hivi: fundi anajua mengi, lakini ngazi tunampa ikiwa kiporo. Vyumba vimeshakula nafasi yote, hela imekata, halafu tunamwambia aibane pale kwenye kona. Ataibana. Atakayeumia ni mama.

Ngazi hatupandi kwa macho, tunapanda kwa mguu. Ukishapita vidato viwili vitatu, mguu umekariri kimo chake na macho yanaangalia mengine. Kikija kidato kirefu kidogo kuliko wenzake, ncha ya kiatu inagonga. Kikiwa kifupi ukiwa unashuka, mguu unafika chini kabla hujajiandaa. Ndiyo maana kanuni za nyumba za makazi zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani zinataka kidato kirefu na kifupi katika ngazi moja visipishane zaidi ya milimita 9.5. Hata sentimita moja haifiki!

Sasa tuangalie kwetu. Fundi amemwaga ngazi ya zege, vidato vyote sentimita 17, safi kabisa. Baadaye inakuja sakafu na tiles: chini panapanda sentimita 5, juu nako 5, na juu ya kila kidato tiles na udongo wake zinaongeza 2.5. Piga hesabu. Kidato cha kwanza kinabaki 14.5, vya katikati vinabaki 17, cha mwisho kinakuwa 19.5. Kati ya cha kwanza na cha mwisho pana tofauti ya sentimita 5, na hakuna aliyekosea siku ya kumwaga zege! Kosa ni kwamba hakuna aliyekaa chini kupanga kabla. Mama yangu mkubwa alivunjika nyonga kwenye ngazi ya namna hiyo, katika nyumba aliyojengewa na mwanawe kwa mapenzi yote. Siku hizi analala sebuleni. Ghorofani wanapanda wageni.

Kupanga kwenyewe si uchawi. Mfaransa mmoja, François Blondel, tangu karne ya 17 aliandika kanuni inayotumika mpaka leo: kimo cha kidato mara mbili, jumlisha upana wa kukanyagia, jibu lilingane na hatua ya mtu. Hapa England, kwa ngazi ya ndani ya nyumba, jumla hiyo iwe kati ya milimita 550 na 700, kimo kisizidi 220, upana usipungue 220, na mwinamo usizidi nyuzi 42. Hayo ni mwisho wa kuvumilika. Kwa wazee fanya nafuu zaidi. Tuseme kutoka sakafu iliyokamilika chini hadi sakafu iliyokamilika juu ni mita 3.06. Gawa kwa 18, unapata kimo cha milimita 170. Weka upana wa 290, jumla inakuja 630. Umemaliza. Ikienda moja kwa moja itahitaji karibu mita 5 za urefu. Ukiikunja katikati kwa kituo cha kupumzikia, kila upande utachukua mita 2.3 hivi, mbali na kituo chenyewe. Nafasi hiyo inatengwa kwenye ramani siku ya kwanza. Usisubiri mpaka kuta zimesimama.

Hapo ndipo ninapoingiza hoja yangu ya pili, ngazi za vipande. Huku Ulaya, hasa Italia, kuna viwanda vinavyouza ngazi nzima ndani ya maboksi. Aina inayojulikana sana ina uti wa mgongo wa chuma uliokatwa vipande vipande, vinaingiliana na kukazwa kwa bolti. Kila kipande kinabeba kidato kimoja cha mbao au chuma, na kimo kinarekebishwa kabla ya kukaza. Unapima baada ya sakafu kukamilika, unagawa, vidato vyote vinatoka sawa. Majengo makubwa nayo hutumia ngazi za zege zilizofyatuliwa kiwandani, zikainuliwa kwa winchi na kuwekwa mahali pake.

Msinielewe vibaya, sisemi tuanze kusafirisha ngazi za Italia kwa kontena. Ushuru peke yake utakutoa jasho. Ninachosema ni kwamba kazi hii inawezekana Gerezani, Dar es Salaam. Inawezekana Kamukunji, Nairobi. Watu wanaokunja chuma na kuchomelea mageti yale yenye maua hawashindwi kutengeneza vipande 17 vinavyofanana, mradi wapewe mchoro wenye vipimo na kalibu moja ya kuvitolea. Na inaendana na ujenzi wetu wa kidogo kidogo: leo chini, juu mwakani Mungu akipenda. Acha tundu la ngazi kwenye zege kwa vipimo kamili, ngazi itakuja hela ikipatikana.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema chuma kinaliwa na kutu, hasa sisi wa Pwani. Kweli, kwa hiyo kichovywe kwenye zinki kama yalivyo mabati, na matundu ya bolti yatobolewe kabla ya kuchovya. Watasema ngazi iliyo wazi katikati ya vidato ni hatari kwa watoto. Kweli tena; hapa England uwazi wa ngazi za nyumbani hautakiwi kupitisha mpira wa kipenyo cha milimita 100, nasi tufuate hivyo. Watasema ngazi ya kuzunguka kama konokono inampa mzee taabu. Hapo nakubali moja kwa moja: usimwekee mzee. Mwekee iliyonyooka au ya kukunja, yenye mkono wa kushikia imara, kimo cha sentimita 90 hadi 100, tena pande zote mbili kama nafasi inaruhusu.

Wenzangu wa uhandisi na usanifu, kila mwaka tunahangaika kutafuta mada ya mradi wa mwisho, tunaishia kuchora madaraja ambayo hatutayajenga. Chora hii. Chora ngazi ya vipande ambayo mchomeleaji wa kwetu ataitoa kwa vifaa alivyonavyo, uipime mzigo kwenye maabara za hapa ambazo ada zetu zimeshazilipia, kisha umpelekee mchoro.

Na wewe usiyesomea ujenzi, kabla ya kutuma hela ya mwezi huu mpigie fundi umuulize mambo manne tu. Sakafu ikikamilika, kimo chote ni kiasi gani? Vidato vingapi? Upana wa kukanyagia ni kiasi gani? Mkono wa kushikia uko wapi? Akikujibu kwa namba, tuma. Akikwambia "usijali bosi," basi jali.