Maziwa Hayaoshi Mapafu ya Seremala

Ukipita Keko, Dar es Salaam, au kwa mafundi wa fanicha wa Ngong Road, Nairobi, ukauliza kinga ya vumbi la mbao, utajibiwa ni maziwa. Fundi akishapiga msasa makabati kutwa nzima, anakunywa nusu lita "kuosha kifua", na bosi anayeyatoa bila kukosa huhesabiwa mwajiri mwema. Nia hiyo naiheshimu. Imani yenyewe ni potofu, tena inaumiza, kwa sababu imekalia nafasi ya kinga ya kweli.

Maziwa hupita kwenye umio yakashuka tumboni. Vumbi hufuata njia ya hewa likaingia mapafuni. Njia hizo hutengana kooni, na tone la maziwa likikosea upande, mtu hupaliwa, akakohoa mpaka machozi yamtoke. Hakuna mahali maziwa yanapokutana na vumbi lililokwisha kutua mapafuni. Nafuu anayoisikia fundi ni ya koo lililokuwa limekauka, na maji yangempa nafuu hiyohiyo.

Wapo wanaosema vumbi la mti ni la asili, halina neno. Mwaka 1995, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na asbesto na moshi wa tumbaku. Ushahidi wake ulianza kukusanywa zamani. Katika miaka ya 1960, daktari wa upasuaji Esmé Hadfield na wenzake waligundua kuwa watengenezaji wa viti wa High Wycombe, Uingereza, walikuwa wakiugua saratani adimu ya matundu ya ndani ya pua kwa kiwango kisichokuwa cha kawaida. Hapa kwetu, vumbi la mvule linajulikana kwa kuleta pumu na muwasho wa ngozi. MDF nayo huongeza gundi yenye fomaldehidi.

Hoja inayorudiwa zaidi ni ya mzee fulani aliyefanya useremala miaka arobaini na kifua chake kizima. Namwamini mzee huyo. Lakini saratani ya pua huweza kuchukua miongo kadhaa kujitokeza, na aliyeanza kubanwa na pumu alikwisha kuacha kazi akarudi kijijini. Tunaowakuta karakanani ni wale waliobaki. Walioondoka hakuna aliyewahesabu.

Kuna pia wanaotegemea upepo: karakana ina paa tu, haina kuta, vumbi litajiendea. Panda ngazi upitishe kidole juu ya boriti. Utakuta unga laini kama poda, tofauti kabisa na maranda yaliyoko sakafuni. Ule haukurushwa na msumeno mpaka pale. Ulielea hewani kwanza, kwenye usawa wa pua za watu, ndipo ukatua. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ziko chini ya mikroni 10, wakati unywele una upana wa mikroni kama 70. Upepo huzihamisha tu kutoka kwa aliyeshika mbao kwenda kwa anayepaka vanishi.

Vumbi linapaswa kukamatwa pale linapozaliwa, na hiyo ndiyo kazi ya mashine ya kufyonza vumbi. Meza nyingi za msumeno zinazochomelewa mtaani ziko wazi chini. Ziba pale kwa plaiwudi, acha tundu la bomba la inchi 4, na bomba liwe fupi lenye kona chache. Kila kona hupunguza nguvu ya hewa, na hewa ikipungua kasi chini ya takriban mita 20 kwa sekunde, maranda huanza kulala ndani ya bomba. Kati ya msumeno na feni ya mashine weka pipa, ili vipande vizito na misumari vianguke humo kabla ya kugonga mapanga ya feni.

Mfuko ndiyo sehemu inayodanganya wengi. Mifuko ya kitambaa ya mashine za bei nafuu hushika maranda na kuachia ule unga laini, yaani unasafisha sakafu na kuchafua hewa. Ukiona wingu likitoka mfuko unapojaa upepo, tafuta wa kitambaa kizito zaidi, au weka mashine nje, mbali na dirisha la jirani.

Moto nao si jambo la kupuuza. Julai 2015, kiwanda cha kusaga unga wa mbao huko Bosley, Uingereza, kililipuka na kuua watu 4. Karakana ndogo haina unga mwingi kiasi kile, lakini cheche moja ndani ya mfuko inatosha kuunguza banda. Kwa hiyo usiunganishe mashine ya kufyonza vumbi na grainda ya chuma hata siku moja, mwaga mfuko kila jioni, na fundi umeme aunge waya wa kupeleka umeme ardhini. Bomba likiziba, zima na chomoa plagi kabla ya kuingiza mkono.

Asiye na uwezo wa mashine leo aanze na barakoa ya N95 inayobana uso vizuri, anyunyize maji kabla ya kufagia, na aache kupuliza nguo kwa kompresa, maana huko ni kurudisha hewani kila kilichokwisha kutua. Hata mwenye mashine ataihitaji barakoa wakati wa msasa na wa kumwaga mfuko.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ya Kenya ya 2007, zote zinamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake dhidi ya hatari za kazini. Pakiti ya maziwa haitimizi wajibu huo. Kinga ya vumbi si fadhila ya bosi, na fundi anayeidai anadai haki yake.