Daraja la Chini Si Aibu

Mwandishi mmoja wa michezo ameshikilia kwamba mshambuliaji asiyefika Ligi Kuu ya Uingereza amepoteza ujana wake. Nakataa, na nakataa kwa ajili ya vijana wa Buwenge, Uganda, wanaosoma maneno hayo na kuyaamini.

Mtazame mshambuliaji Uche Ikpeazu, mzaliwa wa London mwaka 1995, mwenye asili ya Uganda na Nigeria. Watford walimsajili, kisha wakamtoa kwa mkopo huku na huko: Crewe, Doncaster, Blackpool, Port Vale. Akatulia Cambridge United, daraja la nne, akaenda Hearts ya Uskoti, na mwaka 2020 akajiunga na Wycombe Wanderers, iliyopanda Championship kwa mara ya kwanza katika historia yake. Huyo ndiye aliyeshindwa? Miaka yote hiyo alilipwa kwa kupambana na mabeki wa miraba minne mbele ya watu waliotoa kiingilio. Hiyo ni kazi, tena ya heshima.

Naye mshambuliaji Geofrey Massa wa Jinja alitafuta riziki Misri na Afrika Kusini, akawa nahodha wa Uganda ilipofuzu AFCON ya 2017, mara ya kwanza tangu 1978.

Kisha kuna kibali cha kazi cha Uingereza, ambacho mwandishi hakukigusa. Ikpeazu, mzaliwa wa London, hakukihitaji. Mchezaji wa klabu za Uganda kama BUL au Busoga United hupimwa, pamoja na mambo mengine, kwa mechi zake za timu ya taifa na nafasi ya nchi yake kwenye orodha ya FIFA. Kumhukumu kijana wa Buwenge kwa mlango uliofungwa hivyo ni dhuluma. Mwelezeni habari za Cairo na Pretoria, na mfundisheni kusoma mkataba kabla ya kutia saini.