Kabla hujamcheka aliyetolewa, uliza ramani kachagua nani

Leo tuambizane ukweli kuhusu kitu ambacho wachezaji wengi wa magemu ya vita na mikakati wanakijua ila wanakinyamazia: nani anachagua ramani ya mechi?

Kuna mratibu mmoja, jina kapuni, anaandaa mashindano ya Age of Empires II mtandaoni. Kiingilio unatuma kwa simu, zawadi ipo, mabango yake makali kama ya tamasha. Sheria kaandika zote, mpaka ya kutotukanana. Ila kwenye ramani kaweka maneno matatu tu: itatangazwa na mratibu. Inatangazwa dakika chache kabla ya mechi. Na mshkaji wake wa damu naye yumo kwenye ratiba. Ajabu ni kwamba kila mshkaji akicheza, ramani inadondokea ile ile anayoipenda. Bahati gani hiyo isiyochoka?

Mtu asiyecheza atasema mwenye uwezo anashinda popote. Wapi! Kwenye Arabia uwanja uko wazi, vita vinaanza mapema, ukizubaa umekwisha. Kwenye Arena kila mtu anaanza akiwa kazungukwa na ukuta wa mawe, kwa hiyo anayependa kupaki basi na kujenga uchumi wake anakula raha. Kwenye Islands kila mmoja yuko kisiwani kwake, bila meli huendi popote, na aliyechukua Vikings, ambao meli zao ni bei nafuu, ameshatangulia. Watu wale wale, vidole vile vile, ukibadilisha ramani anaweza kubadilika na mshindi.

Sisi wa huku Ipole hili hatuhitaji kufundishwa na gemu. Tuko njia panda: ukitoka Tabora kupitia Sikonge, hapa ndipo unaamua, Mpanda au Rungwa kuelekea Mbeya. Na historia ya kwetu inajulikana. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya misafara ya kutoka Tabora kwenda Ujiji. Waarabu wa Tabora walikuwa na mali na bunduki, lakini njia hawakuwa nayo. Hata Stanley, aliyekuwa anamtafuta Livingstone, ilibidi azunguke kusini ndipo akafika Ujiji. Mwenye njia ndiye mwenye mchezo.

Tofauti ni kwamba Mirambo alikuwa vitani. Wewe mratibu umechukua hela za watu ukasema ni mashindano. Huwezi kupokea kiingilio, halafu njia ukamshikia mshkaji wako.

Najua utetezi upo: "Nikizitaja ramani mapema watu watakariri." Acha hizo. Kwenye gemu hii Arabia ya leo siyo Arabia ya jana, maana kila mechi ramani inazalishwa upya. Dhahabu, misitu na vilima vinahama. Jina unalijua, mshangao uko pale pale, na unawapata wote wawili sawa. Kujiandaa siyo kukariri.

Tena dawa ipo. Kwenye mashindano makubwa ya gemu hii wachezaji wanafuta na kuchagua ramani kwa zamu kabla ya mechi, kila mtu anaona. King of the Desert wao wamekata mzizi wa fitina: wanacheza Arabia tu, na kila anayeingia anajua. Njia zote mbili ni za haki kwa sababu hakuna anayeshtukizwa.

Ila hata zamu ina ujanja wake. Kwenye mpira walijaribu mwaka 2017 penalti za mtindo wa ABBA, ili anayeanza kupiga asiwe na faida kila mara, na 2018 wakaachana nao. Huku kwetu siyo ngumu hivyo: anayeanza kufuta asianze kuchagua. Nani anaanza? Kura, tena laivu. Ramani ya mechi ya mwisho iwe ile iliyobaki baada ya wote kufuta.

Kwa nini nakomaa? Kuna dogo mmoja wa huku, bando analinunua kwa hela ya kubeba mizigo. Alijifua wiki mbili, akakutana na mshkaji wa mratibu, akapewa ramani ya mshkaji. Kwenye grupu wakamcheka hajui gemu. Siku hizi hachezi tena. Kiingilio hakirudi, na dogo naye tumempoteza.

Kwa hiyo kabla hujatuma hela, uliza vitu vitatu: orodha ya ramani iko wapi, nani anachagua, na mratibu ana mtu wake ndani? Ukijibiwa "we cheza tu", bando lako tumia kwa mambo mengine.

Wewe ulishawahi kubebeshwa ramani ya mtu? Shusha komenti hapo chini, majina weka kapuni.