Msalaba wa Shaba Haukuzaliwa na Bendera ya Tshombe

LUBUMBASHI – Mtu akipita mjini na nguo yenye misalaba mitatu ya shaba, hakosi wa kumwambia aivue upesi asije akaitwa mtu wa kutenga Katanga. Hofu hiyo ina sababu, lakini inawanyang'anya wakaaji wa mji huu alama iliyo yao kuliko zote.

Sababu zinajulikana. Tarehe 11 mwezi wa saba 1960, Moïse Tshombe alitangaza uhuru wa Katanga, na misalaba hiyo ikawekwa kwenye bendera nyekundu, kijani na nyeupe. Sarafu za 1961 pia zilipigwa chapa ya msalaba. Utengano ulikwisha mwezi wa kwanza 1963, baada ya vita na askari wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 23 mwezi wa tatu 2013, wapiganaji wa Kata Katanga waliingia Lubumbashi na bendera ileile, na watu wakafa. Aliyezika ndugu yake siku zile hawezi kuambiwa kwamba ule ni mchoro tu.

Lakini Tshombe hakuubuni msalaba huo. Aliukuta. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wataalamu waliofukua makaburi ya kale mwaka 1957 walikuta misalaba midogo ya shaba pamoja na mifupa ya watu waliokufa karne kadhaa kabla Mzungu hajafika. Misalaba hiyo ilikuwa pesa. Ilinunua vitu, ilitolewa mahari. Mafundi waliyeyusha jiwe la kijani katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakipuliza moto kwa mivukuto, kisha wakamimina shaba katika kalibu. Enzi za Msiri kule Bunkeya, shaba ya Katanga ilifika katika biashara ya pwani zote mbili, ya mashariki na ya magharibi.

Basi kitu kilichopata thamani kwa kupita mikono ya makabila mengi kilifanywaje alama ya kufunga mipaka?

Taifa lenyewe limeonyesha njia. Mobutu alivaa kofia ya ngozi ya chui miaka mingi, lakini Katiba ya 2006 haikumfukuza chui. Kichwa chake kiko kwenye nembo ya nchi, kati ya pembe ya tembo na mkuki, juu ya jiwe. Chui alikuwako kabla ya Mobutu, na msalaba ulikuwako kabla ya Tshombe.

Walimu wawapeleke watoto kwenye Musée ya Lubumbashi wakaione misalaba yenyewe. Kila siku malori ya shaba yanaelekea Kasumbalesa, na mtoto anayeyatazama hudhani kazi hii ilianza na Union Minière mwaka 1906. Asipojua kwamba babu zake walikuwa mafundi wa shaba, atajiona kibarua tu kwenye ardhi yake. Na wazazi wakinyamaza, watakaomfundisha maana ya msalaba ni wenye bunduki.