Mlango wa Chini na Kiti cha Juu

Mwaka 1971 jeshi la wanamaji la Marekani lilimpandisha Samuel Lee Gravely kuwa admirali. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho katika jeshi ambalo lenyewe huhesabu umri wake tangu mwaka 1775. Ni miaka 196. Gazeti hili halioni haja ya kuuliza kwa nini Gravely alipanda, maana alistahili. Linalofaa kuulizwa ni kwa nini, katika miaka yote hiyo, hapakuwa na mwingine mbele yake.

Jibu halipatikani katika ofisi kubwa za Washington za mwaka 1971. Linapatikana mlangoni, kwenye meza ya kuandikisha makuruta, tena miongo kadhaa nyuma.

Kabla ya kuendelea, tuseme jambo moja waziwazi ili asije mtu akatuelewa vibaya. Hatuandiki haya kulisifu jeshi lile. Mwaka 1966 Gravely aliiongoza manowari Taussig katika vita vya Vietnam, na msimamo wa Taifa letu juu ya uvamizi ule ulijulikana duniani kote. Mtu Mweusi kushika usukani wa manowari ya dola kubwa hakuigeuzi manowari hiyo kuwa chombo cha wanyonge. Lakini namna taasisi inavyoweza kumfungia binadamu njia, na namna njia hiyo inavyofunguliwa, ni mambo yanayomhusu kila mwenye dhamana ya kuajiri, kufundisha na kupandisha watu vyeo. Kwa hiyo yanamhusu msomaji wa ukurasa huu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jeshi hilo liliacha kuandikisha watu Weusi tangu mwaka 1919 hadi 1932. Lilipowafungulia tena, liliwafungulia mlango wa jikoni: kupika, kutandika vitanda vya maafisa na kupeleka sahani mezani. Kutoka jikoni hapakuwa na ngazi ya kupandia. Tarehe 7 Desemba 1941, Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, mtumishi wa mesi aitwaye Doris Miller aliwabeba majeruhi katika manowari West Virginia, kisha akashika bunduki ya kutungulia ndege ambayo hakuwahi kufundishwa kuitumia. Alipewa nishani ya ushujaa. Alipouawa vitani Novemba 1943 alikuwa bado mpishi.

Juni 1942, vita vikiwa vimekwisha kuibana nchi, kazi nyingine nazo zilifunguliwa. Gravely, kijana wa miaka 20 kutoka Richmond katika jimbo la Virginia, aliacha masomo ya chuo kikuu akajiandikisha Septemba ya mwaka huo. Alifunzwa kazi za chumba cha injini. Kisha akachaguliwa katika mpango wa kuwasomesha vijana vyuoni ili wawe maafisa, na Desemba 1944 akavishwa cheo cha uafisa, kile cha chini kabisa.

Mapema mwaka huohuo, Weusi 16 walikuwa wamepelekwa kwenye mafunzo ya uafisa katika kambi ya Great Lakes. Walifaulu wote 16. Waliopewa vyeo walikuwa 13. Walimu watalielewa jambo hili kuliko sisi: mtahiniwa kafaulu, na bado nafasi hana. Baadhi ya vijana wale walisimulia baadaye kwamba alama zao zilikuwa za juu mno hata wakubwa wakataka mtihani urudiwe. Wakaurudia, wakafaulu tena.

Cheo chenyewe hakikumaliza maneno. Gravely alipangiwa kazi katika PC-1264, chombo cha kuwinda nyambizi, kimoja kati ya vyombo viwili vya vita ambavyo karibu mabaharia wake wote walikuwa Weusi. Mwaka 1945 alikamatwa na polisi wa jeshi mjini Miami kwa kosa la kujifanya afisa. Macho yaliyozoea kumwona Mweusi jikoni yalikataa kuiamini sare. Huko Key West alikatazwa kuingia katika klabu ya maafisa, ingawa afisa alikuwa.

Mwaka 1946 aliacha jeshi. Akarudi chuoni, akapata shahada ya historia mwaka 1948, akawa karani wa posta katika treni. Hapo jeshi lilikwisha kumpoteza. Tarehe 26 Julai mwaka huohuo Rais Truman alitoa amri kwamba katika majeshi yote ya nchi watu watendewe sawa na wapewe nafasi sawa, bila kujali rangi, dini wala asili. Ilikuwa amri nzuri. Lakini amri hiyo, pamoja na uzuri wake wote, haikuweza kumtoa admirali Mweusi hata mmoja mwaka ule, wala mwaka uliofuata, kwa sababu hapakuwa na wa kupandishwa. Chuo cha maafisa cha Annapolis kilianzishwa mwaka 1845. Mweusi wa kwanza kuhitimu hapo, Wesley Brown, alitoka mwaka 1949.

Hapa ndipo kiini cha hoja yetu. Daktari bingwa aweza kukodiwa kutoka ng'ambo kwa mkataba wa miaka miwili. Admirali hakodiwi. Kila admirali alikuwa kwanza afisa mdogo anayelinda zamu ya usiku, na kati ya zamu ile na nyota zile huwa imepita miaka 25 au 30. Gravely aliitwa tena jeshini mwaka 1949, apate kuwaandikisha vijana Weusi. Mwaka 1955 akaingizwa katika jeshi la kudumu. Mwaka 1962 akakabidhiwa manowari Falgout, mwaka 1966 Taussig, mwaka 1970 Jouett, na akiwa na Jouett ndipo alipopata uadmirali. Tangu Desemba 1944 hadi 1971 ni miaka 27, mwendo wa kawaida kabisa wa afisa hodari. Kwa hiyo hakucheleweshwa yeye. Waliocheleweshwa ni wale ambao wangekuwa mbele yake, na hao hatuwajui hata majina, maana waligeuzwa mlangoni na karani aliyesema kwamba hapa kazi yenu ni ya jikoni.

Desemba 1970 mkuu wa jeshi lile, Admirali Elmo Zumwalt, alitoa waraka unaostahili kusomwa na maafisa utumishi. Pamoja na mambo makubwa, uliagiza maduka ya kambi yauze bidhaa wanazohitaji mabaharia Weusi, vinyozi wa kambi wajue kunyoa nywele zao, na maktaba ziwe na vitabu vya Weusi na habari zao. Wapo waliodhani mambo ya nywele hayamstahili admirali. Sisi tunaona alikuwa amefahamu kwamba amri ya mwaka 1948 ilikuwa imekwama katika vyumba vidogo ambavyo wakubwa hawaingii.

Taifa hili linajua mlango uliofungwa unavyogharimu. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba mwaka 1961 tulijitawala tukiwa na wahandisi wawili na madaktari 12. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles walipoasi, moja ya madai yao lilikuwa kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Lakini nani wa kushika nafasi zao? Wakoloni hawakuwa wameandaa mtu. Mwaka huohuo jeshi jipya likakabidhiwa kwa Mrisho Sarakikya, kijana aliyehitimu Sandhurst miaka michache tu nyuma, akabeba mzigo ambao kwa kawaida hubebwa na mtu wa umri mkubwa zaidi. Aliubeba hadi mwaka 1974. Si kila nchi hubahatika hivyo.

Wakoloni walikwisha kuondoka, milango ikabaki, na leo funguo tunazo sisi. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliopata watoto, waruhusiwe kurudi shuleni. Uamuzi huo ni wa Serikali na unafahamika. Lakini msichana anayerudi hakutani na Serikali. Anakutana na mwalimu mkuu katika ofisi yake. Mwalimu mkuu hana haja ya kusema hapana. Yatosha kumwambia aje Jumatatu, na Jumatatu kumwambia madawati hayatoshi, na wiki ijayo kumuuliza mbele ya wenzake mtoto kamwacha na nani. Hatarudi tena, na hakuna jalada lolote litakaloonyesha kwamba alikataliwa.

Vivyo hivyo katika idara zetu. Fomu ya kuombea masomo iliyolala mezani hadi tarehe ikapita haina saini ya aliyeikataa. Kijana wa cheo cha chini aliyenyimwa mafunzo mwaka huu hatalalamika kesho. Pengo lake litaonekana baada ya miaka ishirini na tano, wakati nafasi ya mkurugenzi au mhandisi mkuu itakapotangazwa na watu wakauliza mbona hapana mwenye sifa. Aliyeikalia fomu atakuwa amekwisha kustaafu kwa heshima. Wakuu wa idara wanaweza kuanza na jambo rahisi: waagize kila ombi la masomo lililokataliwa liandikwe sababu na jina la aliyelikataa.

Huko Marekani hesabu iliendelea. Oktoba 1972 mabaharia Weusi na Weupe walipigana ndani ya manowari ya kubebea ndege Kitty Hawk, ushahidi kwamba admirali mmoja hakutosha kuisafisha nyumba nzima. Mwaka 1976 Gravely alipata nyota ya tatu na kukabidhiwa Kikosi cha Tatu cha manowari katika Pasifiki. Alistaafu mwaka 1980, akafariki mwaka 2004. Nyota nne zilimfikia Mweusi wa kwanza, J. Paul Reason, mwaka 1996. Alikuwa amehitimu Annapolis mwaka 1965. Wanawake walianza kupokewa katika chuo hicho mwaka 1976. Michelle Howard, binti Mweusi, aliingia mwaka 1978 akahitimu 1982, na nyota zake nne alivishwa mwaka 2014, miaka 32 tangu atoke chuoni.