Steringi Asiyesema

Mwaka 1972 kampuni ya Toei ya Japani, ambayo televisheni ilikuwa inainyang'anya watazamaji, ilitoa picha ya mfungwa namba 701. Meiko Kaji ndiye Matsu, binti ambaye mpenzi wake mwenyewe, mpelelezi wa polisi, alimfanya chambo cha kunasia wauza dawa za kulevya, kisha akamtupa. Anafungwa, anatoroka, analipa kisasi. Toei walitaka tiketi, na walijua zinanunuliwa kwa nini: wanawake wanavuliwa nguo, wanapigwa, damu inaruka. Sitetei hilo. Lakini humo humo kwenye biashara chafu Kaji ananishangaza mpaka leo, maana karibu picha nzima hasemi. Anatazama tu, na macho yale hayamwachi mwanamume akae raha kwenye kiti.

Picha hiyo haikutufikia kwetu Nkwenda. Sisi tulikuwa na Cynthia Rothrock, steringi wa kike wa picha za mapigano, kwenye banda la video lenye mabenchi ya mbao za mkaratusi na jenereta lililonguruma kushinda risasi za kwenye picha. Kabla kanda zilizotafsiriwa na Lufufu, mtafsiri wa picha, hazijafika kutoka Dar es Salaam tulikuwa na mtafsiri wetu, na Kiingereza chake, tulikuja kugundua baadaye sana, hakikuzidi chetu. Alitunga. Steringi wa kiume alipewa mafumbo na matusi matamu. Wa kike, hata awe ameangusha wanaume watano, alitiliwa mdomoni maneno ya kuomba msamaha.

Hoja ya toleo hili imeanzia hapo. Binti mkaidi haogopwi anapopiga. Anaogopwa picha ikiisha hajatubu. Kenya ilipofungia *Rafiki*, picha ya mabinti wawili wanaopendana, mwaka 2018, mwongozaji Wanuri Kahiu alieleza kwamba bodi ya filamu ilitaka mwisho wenye majuto. Mtafsiri wetu hakuhitaji bodi. Alikuwa na maikrofoni.

Kurasa zinazofuata tumewaachia wanawake, waseme walichokiona wao.

Namkumbuka muuza karanga mmoja, binti wa miaka kama 14, aliyezoea kuchungulia mlangoni, beseni kichwani. Siku moja Rothrock alimpiga mtu teke akapitiliza dirishani, mtafsiri akatangaza kwamba dada wa watu anaumia moyoni, anatafuta mume. Binti akauliza kwa sauti: "Mbona mdomo wake haujafunguka?"

Banda zima likageuka. Mwenye banda akamwambia alipe kiingilio au atoke mlangoni. Akatoka. Hata karanga tulikuwa hatujamnunulia.