Kuketi darasani si kufundishwa

Muhula uliopita nilikuwa katika shughuli yetu ya kila mwaka ya kuwakagua wanafunzi wa ualimu walio mazoezini. Katika shule moja ya msingi, ambayo sitaitaja, niliketi nyuma ya darasa la Gredi ya Tatu, karibu na msichana mwenye sindromu ya Down. Somo lilikuwa la Kiswahili. Wenzake walikuwa wakiitikia kwa pamoja sentensi za ubaoni. Yeye alikuwa amepewa karatasi na penseli za rangi. Kipindi kilipokwisha nilimwuliza mwalimu huyo mwanafunzi habari za mtoto yule. “Huyo hana shida, Daktari,” akanijibu kwa upole. “Hasumbui.”

Kisha akampa msichana rundo la madaftari yaliyosahihishwa awagawie wenzake. Yote yalikuwa yamevikwa karatasi ya kaki, hayatofautiani ila kwa majina yaliyoandikwa juu. Msichana akazunguka darasani akimpa kila mmoja lake, bila kukosea hata mara moja. Alikuwa akisoma! Hapana aliyelitambua hilo, kwa kuwa hapana aliyewahi kumtaka asome ila kwa sauti, na sauti ndiyo inayomwia vigumu. Daftari lake mwenyewe halikuwamo katika rundo lile.

Tumezoea kubishana iwapo watoto hawa waingie shule za kawaida au wapelekwe shule maalum. Kwa upande wa sheria, ubishi huo umekwisha zamani. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazikataza shule za umma kumtahini mtoto kabla ya kumpokea, isipokuwa kwa nia ya kumtafutia darasa limfaalo. Kadhalika, Kenya iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Lakini mimi ni mtu wa lugha, na Kifungu cha 54 cha Katiba hukisoma kwa jicho la shaka. Kinatoa haki ya kupata elimu katika taasisi zilizochangamana na jamii, kwa kadiri inavyoafikiana na maslahi ya mhusika. Ni nani ayapimaye maslahi hayo? Aghalabu ni mwalimu mkuu, ofisini mwake, kwa dakika kumi za maswali ya mdomo.

Maswali ya mdomo ndiyo mizani mbovu kuliko zote kwa mtoto huyu. Hali yenyewe, ambayo daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza mwaka 1866, na ambayo Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake waliionyesha mwaka 1959 kuwa inatokana na kromosomu ya ziada, ile ya 21, ina sura yake mahususi katika lugha. Aghalabu mtoto huelewa mengi kuliko anayoweza kuyatamka. Msamiati wake hukua vyema kuliko sarufi yake. Kumbukumbu yake ya muda mfupi ya mambo aliyoyasikia ni dhaifu. Ya mambo aliyoyaona ina nguvu zaidi. Isitoshe, wengi hupungukiwa na usikivu kwa sababu ya majimaji yanayojikusanya nyuma ya kiwambo cha sikio, leo yapo, mwezi ujao hayapo, hata mwalimu akadhani mtoto ni mkaidi.

Basi hapana ajabu kwamba Sue Buckley, aliyeanza utafiti wake huko Portsmouth, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliona kuwa kusoma kwaweza kuwa njia ya kumfikisha mtoto kwenye usemi. Sisi hufanya kinyume chake: aseme kwanza, ndipo asome. Tena humwanzishia ba, be, bi, bo, bu, mlolongo wa sauti tupu usio na maana, unaotegemea kumbukumbu ileile iliyo dhaifu. Kwa maoni yangu, mtoto huyu aanze na neno zima lenye maana kwake, limeandikwa kwenye kadi pamoja na picha, na silabi zifuate. Kiswahili kitamsaidia, maana huandikwa kinavyotamkwa. Kitenzi ndicho kitakachompa taabu: “hatukumwandikia” ni neno moja lililobeba sentensi nzima.

Kuna pia ushauri unaotolewa kwa wazazi kwamba waiache lugha ya mama na kumsemesha mtoto Kiingereza pekee, eti asichanganyikiwe. Elizabeth Kay-Raining Bird na wenzake walilichunguza jambo hili nchini Kanada na kuchapisha matokeo yao mwaka 2005. Hawakuona ushahidi kwamba lugha ya pili inawadhuru watoto wenye sindromu ya Down. Anayemnyima mtoto lugha ya nyanya yake anamnyima na nyanya.

Simlaumu mwalimu mwenye darasa lililofurika. Mtaala wa umilisi umeweka njia ya ngazi kwa wanafunzi wasioweza kuufuata ule wa kawaida, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya ipo tangu 1986. Lakini ngazi hizo, zisipokuwa na mtu wa kumpandisha mtoto, zitageuka kuwa kona ya penseli za rangi.

Na sisi wa vyuo vikuu tuna la kujibu. Kijana yule nilimfundisha mimi fonolojia, akafaulu vizuri. Sikumpa hata saa moja juu ya mtoto asemaye maneno ishirini na kuelewa mia mbili. Siku ile nilimpa alama za juu, maana fomu yetu ya ukaguzi haina mahali pa kuandika ni nani ambaye hakufundishwa.